Tuache kuhesabu dakika, tuhesabu zamu

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi msomaji wenu wa kurasa za michezo wa siku nyingi na nilifurahi sana mlipoanza kuandika habari za futiboli ya Marekani, hasa ile ya vyuo vikuu ambayo binafsi naipenda kuliko ya kulipwa. Ila makala yenu ya juzi kuhusu timu zinazokalia mpira na zile zinazopiga ghafla imenikaa kooni, nimelala nayo nimeamka nayo, nikaona bora niandike. Mwandishi wenu anasema timu inayokaa na mpira dakika nyingi ndo inautawala mchezo, na kwamba hizi timu za chapuchapu zinajimaliza zenyewe. Sikatai kila alichoandika, kuna sehemu kaandika vizuri tu, lakini hapo kwenye dakika amepotea njia na wasomaji wanaoanza kuufuatilia huu mchezo watapotea naye.

Kwa asiyeujua vizuri, timu yenye mpira inapewa majaribio manne, yanaitwa dauni, kusogea yadi 10 (kama mita 9). Ukizifikisha unapewa mengine manne, ukishindwa mpira unaenda kwa wapinzani. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la goli la wapinzani, ni pointi 6 na kanyongeza juu yake, mkwaju wa kupita katikati ya milingoti pointi 3. Sasa kitu ambacho makala haikukigusa kabisa ni kwamba ukishafunga unawapa wenzio mpira, na ukishindwa kufunga pia unawapa. Yaani ni kupokezana, wewe, mimi, wewe, mimi, mpaka saa iishe, na mechi ikiisha utakuta timu zote mbili zimepata zamu karibu sawasawa, tofauti moja au mbili hivi, hata kama mmoja kakaa na mpira dakika 40 na mwenzie dakika 20. Hii sio soka ambako unaweza kumpokonya mtu mpira mara hamsini na kumkimbiza mchana kutwa. Huku ukikaa na mpira dakika 9 umetumia zamu moja. Mwenzio akifunga kwa sekunde 15 naye katumia zamu moja. Ubao wa pointi hauulizi mlichukua muda gani.

Nitoe mfano ambao niliuona mwanzo mpaka mwisho, fainali ya ubingwa wa vyuo ya tarehe 20 Januari 2025 kule Atlanta, Notre Dame na Ohio State. Notre Dame wakaanza na mpira wakafanya kile kile anachokipenda mwandishi wenu. Plei 18 (plei ni kila mpira unapochezwa mpaka mchezo usimame), yadi 75, dakika 9 na sekunde 45, karibu nusu ya plei hizo kwotabeki wao, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, Riley Leonard, anakimbia nao mwenyewe, anagongwa, anainuka, anagongwa, anainuka, dauni ya nne wanajaribu wanapata, mpaka akaingia mwenyewe kwenye eneo la goli. Ilikuwa safari nzuri kwa kweli, na mtu yeyote angesema hapa Ohio State wamekwisha maana karibu theluthi mbili ya robo ya kwanza imeisha na hawajagusa mpira. Halafu Ohio State wakapewa mpira. Tachidauni. Wakapewa tena, tachidauni. Zamu zao nne za kwanza zote zikaishia kwenye tachidauni, ile ya nne mwanzoni mwa kipindi cha pili Quinshon Judkins alichomoka yadi 70 kwa mkimbio mmoja, na ubao ukasoma 28 kwa 7. Zile dakika 9 na sekunde 45 zilikuwa wapi hapo? Zilikuwa zamu moja, pointi 7, na kijana wa watu ameshachoka kabla hata mechi haijachanganya.

Tena kwenye mechi hiyo hiyo, Notre Dame waliporudi mpaka 31 kwa 23 na kila mtu amesimama, Ohio State wana dauni ya tatu na bado yadi 11, hapo timu ya kukalia mpira ingekimbia katikati ili saa itembee halafu wabutue, yaani waupige mpira mbali kwa mguu kuwaachia wapinzani. Kwotabeki wao Will Howard akaurusha mbali kwa Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza chuoni, yadi 56, mechi ikafungwa hapo na mkwaju wa pointi 3, 34 kwa 23. Najua kocha angekosolewa sana kama ule mpira ungeanguka. Lakini ile ndo maana ya kuwa na silaha halafu ukaitumia.

Sasa nisieleweke vibaya, kukalia mpira sio ujinga. Ni silaha nzuri sana, ila ni silaha ya mnyonge, na hilo ndo ningependa mwandishi wenu aliseme wazi. Chukua timu ya jeshi la nchi kavu, Army, wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Hawawezi kusajili yale majitu ya kilo 150 maana hawa vijana wakimaliza wanakuwa maafisa wa jeshi, lazima miili yao iendane na kazi. Mwaka 2018, tarehe 22 Septemba, walienda Oklahoma kucheza na timu ya kwotabeki Kyler Murray ambaye msimu ule ule alichukua tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Kwa uwezo wa mtu mmoja mmoja ile mechi haikutakiwa kuwa mechi. Army wakakaa na mpira zaidi ya dakika 44. Oklahoma wakaishia kupata plei kama 40 tu mechi nzima. Ikawa 21 kwa 21 mpaka muda wa nyongeza, Oklahoma wakashinda 28 kwa 21 jasho linawatoka.

Kwanini ilifanya kazi? Sio kwasababu kushika mpira kuna uchawi wake. Ni kwasababu walipunguza idadi ya zamu. Fikiria hivi, timu nzuri inafunga kila zamu ya pili, timu dhaifu inafunga kila zamu ya tatu au ya nne. Mkipeana zamu 12 kila mmoja, ambayo ndo kawaida ya mechi ya vyuo, ubora utaonekana tu, mkubwa atamwacha mdogo. Mkipeana zamu 7, mpira mmoja ukidondoshwa au mkwaju mmoja ukipita pembeni mambo yanageuka. Mnyonge anaomba mechi iwe fupi. Na Army wanafanya kingine cha akili sana, wanaitumia dauni ya nne badala ya kubutua, kwa hiyo wakati wenzao wanahitaji yadi 3 na kitu kila plei kwa majaribio matatu, wao wanahitaji yadi mbili na nusu tu kwa manne. Yadi mbili na nusu ni mtu kuanguka kwa mbele! Nawapenda sana Army kwa hilo, nawaangalia kila nikipata nafasi.

Wenzao wa Navy, chuo cha jeshi la majini, ndo wana ile rekodi ambayo mimi siku zote nawaambia watu hawaamini. Desemba 2004, mechi ya Emerald Bowl kule San Francisco na New Mexico, Navy walianza na mpira kwenye mlango wa goli lao kabisa, baada ya ulinzi wao kuwazuia New Mexico pale pale mstarini. Wakaondoka nao plei 26, yadi 94, dakika 14 na sekunde 26. Robo nzima ni dakika 15! Washambuliaji wa New Mexico (kila timu ina kundi la kushambulia na jingine la kulinda) walikaa benchi karibu robo nzima wanaangalia migongo ya wenzao. Na mwisho wake ilikuwa mkwaju wa pointi 3, sio hata tachidauni, lakini Navy walikuwa wanaongoza, hawakuhitaji pointi, walihitaji saa ife. Walishinda 34 kwa 19. Hapo kukalia mpira kuna maana yake kamili, unaongoza, unaua saa, unawanyima wenzio zamu za kurudi.

Sasa tatizo langu ni pale mtu anapotaka timu kubwa, yenye wakimbiaji na warushaji bora kuliko kila mtu, nayo icheze hivyo hivyo tangu dakika ya kwanza. Hiyo ni kujifunga mkono mwenyewe. Ukiwa bora kuliko mwenzio unatakiwa utamani zamu 14, 15, kadri mnavyocheza nyingi ndivyo anavyokosa pa kujificha.

Mwandishi wenu ametumia mfano wa Stanford na Oregon 2013, na ni mfano mzuri, hata mimi ningekuwa upande wake ningeutumia. Stanford walikaa na mpira dakika 42 na sekunde 34, Tyler Gaffney alikimbia mara 45, mara arobaini na tano mtu mmoja, wakawashinda Oregon 26 kwa 20. Ila ameacha mambo mawili. La kwanza, Oregon walifika karibu kabisa na goli wakarudi mikono mitupu, hizo ni zamu zilizoharibika na hakuna saa iliyoziharibu, ni ulinzi wa Stanford uliokuwa moto siku ile. La pili, ilikuwa 26 kwa 0, halafu katika robo ya mwisho peke yake Oregon wakapata zile 20 zote, ikabidi Stanford waukumbatie mpira wa mwisho ndo wapumue. Timu inayoweza kupiga ghafla huwezi kuihesabia kuwa imekufa. Timu ya kukalia mpira ikiachwa 21 imekufa kweli, maana haina kasi ya kurudi. Baylor mwaka 2014 walikuwa nyuma kwa 21 dhidi ya TCU kwenye robo ya mwisho na wakashinda 61 kwa 58, niambie ni timu gani ya yadi tatu tatu ingefanya hivyo.

Kuna kosa lingine dogo ila linakera. Makala imechanganya kupiga ghafla na kurusha mpira, kana kwamba anayekimbia ni mpole na anayerusha ana haraka. Sio hivyo hata kidogo. Oregon ya kocha Chip Kelly iliyofika fainali ya msimu wa 2010 ilikuwa timu ya kukimbia, LaMichael James ndo aliongoza nchi nzima kwa yadi za kukimbia mwaka huo. Na Michigan ya 2023 ambayo kila mtu anaisifia kwa ubabe wa kukimbia, iliyowapiga Penn State 24 kwa 15 huku wakikimbia plei 32 mfululizo bila hata mrusho mmoja kuhesabiwa, hiyo hiyo Michigan fainali yake na Washington ilianzaje? Donovan Edwards yadi 41, tachidauni. Donovan Edwards tena yadi 46, tachidauni. Hayo ni mapigo ya ghafla, tena kwa miguu. Walishinda 34 kwa 13 na yadi 303 za kukimbia, na ukiniuliza mimi zile mbili za mwanzo ndo ziliwavunja Washington moyo, sio dakika walizokaa na mpira.

Na huyo Chip Kelly, aliyekuwa anaogopwa kwa kasi, ndo alikuwa mpangaji wa mashambulizi wa Ohio State kwenye ile fainali niliyoeleza mwanzo. Hawakuwa wanakimbilia mstarini kila plei kama Oregon yake ya zamani, walikuwa wanachukua muda wao, wanajipanga, halafu wanapiga yadi 40, 50, 70. Kwa hiyo kuna kasi ya saa na kuna urefu wa pigo, vitu viwili tofauti kabisa, na timu inaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Nije kwenye uchovu maana hapo ndo watu wengi wanapong'ang'ania, kwamba ukipiga haraka unawachosha walinzi wako mwenyewe kwasababu wanarudi uwanjani kila dakika mbili. Kuna ukweli kidogo. Lakini miaka niliyokaa Ohio kuna Jumamosi moja nilienda kuangalia mechi ya chuo kidogo, viti vyenyewe vichache, nikasimama kwenye uzio hatua chache tu na mstari wa pembeni, na kuna mlinzi mmoja wa katikati, jitu kweli kweli, nilimkazia macho zamu nzima. Plei za kwanza mbili tatu anainuka anapiga makofi, anawapiga wenzie mabegani. Wale wa upande wa pili hawajikusanyi kupanga, wanakimbilia mstarini moja kwa moja, wanaangalia ishara toka pembeni, mpira unatoka. Plei ya sita hapigi makofi tena. Ya nane mikono kiunoni. Ya kumi mikono magotini, kinga ya meno inaning'inia kwenye kofia, anageuka kuangalia benchi kama anaomba msaada, na hawawezi kumtoa, maana sheria ni kwamba washambuliaji wasipobadilisha mtu, walinzi hawapewi muda wa kubadilisha. Plei ya kumi na moja mkimbiaji alipita pale pale miguuni kwake na yeye akaangukia upande tu, hata mkono hakunyoosha. Ile zamu yote haikufika dakika 3.

Dakika tatu, Mhariri. Kwenye takwimu zenu hiyo ingeandikwa dakika 3 na mtu angesema walinzi wamepumzika vya kutosha. Kinachomchosha mlinzi ni plei ngapi kacheza na kapewa pumzi kiasi gani katikati yake. Ukitaka kujua nani kachoka hesabu plei, dakika zitakudanganya.

Nakubali kuna siku chapuchapu inapitiliza. Oktoba 2016 Oklahoma walishinda Texas Tech 66 kwa 59, kwotabeki wa Texas Tech Patrick Mahomes alirusha yadi 734, na timu zote mbili zikamaliza na yadi 854 kila moja, sawasawa kabisa, ukiangalia unaona kama hakuna mlinzi uwanjani. Watu wakasema ona sasa, Mahomes kawachosha walinzi wake. Mimi naona hapana, ulinzi wa Tech msimu ule ulikuwa dhaifu wa kupindukia, ungewapa hata nusu saa ya kupumzika wangefungwa tu, na bila zile pointi 59 wangefungwa vibaya zaidi. Na upande wa pili kuna Iowa ya 2023, hao ni mabingwa wa kuusogeza polepole na kubutua, mbutuaji wao Tory Taylor ndo alikuwa nyota wa timu na sio utani, alivunja rekodi ya yadi za kubutua kwa msimu mmoja. Ulinzi wao ukawabeba mpaka ushindi wa mechi 10. Wakafika fainali ya ligi yao ya Big Ten, wakakutana na Michigan, 26 kwa 0. Ulinzi ulijitahidi. Ila hakukuwa na mtu wa kufunga.

Hata Nick Saban, aliyekuwa kocha wa Alabama, ambaye mwaka 2012 alisimama mbele ya waandishi akauliza kama kweli hivi ndivyo tunavyotaka huu mchezo uwe, akihofia usalama wa wachezaji kwenye zile kasi, mwaka 2014 akamchukua Lane Kiffin kuja kupanga mashambulizi, na Alabama ikabadilika. Fainali ya msimu wa 2020 DeVonta Smith alishika mipira 12, yadi 215, tachidauni 3, na hiyo ni kipindi cha kwanza tu, wakawapiga Ohio State 52 kwa 24. Saban alikuwa na kila kitu cha kukalia mpira, majitu mbele, wakimbiaji nyuma, na bado akaona haitoshi. Namheshimu sana kwa hilo, mtu wa umri wake na makombe yake kukubali kubadilika.

Tena suala hili sasa hivi ni zito kuliko zamani, kwasababu toka 2023 sheria imebadilishwa, saa haisimami tena mtu akipata yadi 10 isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila kipindi. Saa inatembea zaidi, zamu zinapungua. Zamu zikipungua kila moja inakuwa na thamani zaidi, na kuipoteza kwa plei tatu za woga halafu unabutua ni hasara kubwa kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye kile kijedwali mnachoweka chini ya kila ripoti, ambapo mnaandika yadi na dakika za kushika mpira, ongezeni mstari mmoja wa idadi ya zamu za kila timu na mwingine wa ngapi zimeishia na pointi. Nafasi ipo, nimepima, yale matangazo ya pembeni hayafiki mpaka pale. Na msimu ukianza tena, mtakapoandika kuhusu Army, tafadhali msiandike dakika tu, andikeni na mara ngapi wamejaribu dauni ya nne, maana hapo ndipo mchezo wao wote ulipo.

Wenu,
Msomaji wa kurasa za michezo